Nafasi Haitoshi

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: nafasi haitoshi. Ulitokea asubuhi moja Chamazi, nimekaa kwenye kigoda mbele ya bibi ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kunieleza alivyojifunga kanga kiunoni akakimbia. Nikamwomba radhi. Nikafuta picha za harusi ya binamu yangu, nikafuta video tatu za vichekesho, nikabonyeza tena duara jekundu la kurekodi. Baada ya dakika kumi na mbili, ujumbe uleule.

"Mjukuu wangu, hicho kidude kimeshiba," bibi akasema.

Kilikuwa kimeshiba kweli. Niliinunua simu ile mkononi, Kariakoo, kwa elfu sitini, iwe simu ya utafiti tu, kwa sababu simu yangu ya kila siku ilikuwa inapigwa katikati ya kila mahojiano. Boksi lake liliandikwa GB 8, lakini ukiiwasha unakuta mfumo wenyewe umeshakalia zaidi ya nusu. Sehemu ya kuchomeka memori kadi ilikuwa mbovu, ndiyo maana nikapunguziwa bei. Na ilikuwa imejaa programu za kiwandani ambazo hakuna mtu niliyemjua aliyewahi kuzifungua: duka la michezo, redio isiyoshika, kitu cha hali ya hewa kilichoamini tupo nchi nyingine. Hazikuwa na kitufe cha kufuta.

Kaka yangu ndiye aliyeiruti. Kwa asiyejua, Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na ndani ya Linux kuna mtumiaji mmoja anayeitwa root, yaani mzizi. Huyo haulizwi kitu. Sisi tunaonunua simu dukani ni wapangaji: unaruhusiwa kupanga makochi na kubadili mapazia, huruhusiwi kugusa ukuta. Kuruti ni kujichongea funguo za mwenye nyumba. Kwenye simu za sasa kwa kawaida inabidi kwanza ufungue butiloda, ule mlango wa awali simu inapowaka, na simu nyingi ukiufungua zinafuta data zote kwa makusudi, ili mwizi asipate njia ya mkato. Lakini yetu ilikuwa Android 6 yenye matundu, na kaka alipata programu ya kupenya kwenye tundu mojawapo bila kugusa mlango. Dakika tano hazikuisha.

"Sasa hii simu ni yako kweli," akaniambia, kisha akarudi zake Dodoma kazini.

Nieleze nilichokuwa natafuta na simu hiyo. Tarehe 29 Aprili 2009, Jumatano, karibu na saa sita mchana, ghala la mabomu katika kambi ya jeshi Mbagala Kizuiani lililipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba zikabomoka, na eneo zima likakimbia kwa miguu, wengine kuelekea mjini, wengine kuifuata Barabara ya Kilwa kwenda kusini. Nilikuwa na miaka kumi. Wengi wanaikumbuka Mbagala pamoja na Gongo la Mboto, ambako hali kama hiyo ilijirudia tarehe 16 Februari 2011. Tasnifu yangu ya umahiri haihusu mabomu yenyewe. Inahusu kina mama waliopotezana na watoto wao siku ile, na namna wanavyoisimulia sasa, watoto wale wakiwa watu wazima.

Nilikuwa na mahojiano kumi na manne. Tisa niliyahamishia kwenye kompyuta ya rafiki yangu wa Kimara mwezi mmoja nyuma. Matano yalikuwa ndani ya simu peke yake. Ningeweza kusingizia umbali wa Kimara, au kifurushi kilichokuwa kimekata, lakini ulikuwa uvivu.

Kati ya hayo matano kulikuwa na la mama anayekaanga vitumbua jirani na Kizuiani. Nilimfuata wiki tatu kabla hajakubali. Alikuwa ananiambia njoo kesho, nikija ananiuzia vitumbua. Siku aliyokubali hakunitangazia. Alianza tu kusema huku anakoroga unga kwenye ndoo, nami nikaiweka simu juu ya mfuko wa sukari. Alisema kwa saa moja na dakika kumi na mbili. Alipomaliza akaniambia, "Hayo sijawahi kuyasema, na sitayarudia."

Binti yake, yule yule aliyepotea akiwa darasa la kwanza, sasa anafanya kazi kwenye duka la kutoa fotokopi. Alikuta nataka kuondoka. "Da' mdogo, nitumie hiyo sauti WhatsApp. Mimi mama hajawahi kuniambia." Nikamtazama mama yake. Mama yake akawa anafuta mikono. "Mtumie tu," akasema.

Faili lilikuwa karibu MB 70. Nikasema nitamtumia kesho, nikinunua kifurushi.

Usiku uleule nilikaa kitandani Charambe, nikafungua programu inayomruhusu mwenye ruti kuingia kwenye mafaili ya mfumo. Kesho yake nilikuwa na mahojiano mawili, na nafasi iliyobaki ilikuwa MB 41. Nikaingia kwenye folda ya /system, nikaanza kufagia. Duka la michezo, futa. Redio, futa. Hali ya hewa ya nchi za watu, futa. Kulikuwa na raha fulani ambayo siwezi kuificha. Miaka yote simu ndiyo iliyokuwa ikiniambia huwezi, na sasa ilikuwa haisemi kitu.

Nilipofuta programu saba nikatazama nafasi iliyobaki: MB 41.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Sikujua kitu ambacho kila fundi anajua, kwamba simu ya namna ile imegawanywa vyumba tangu kiwandani. Chumba cha mfumo kina kuta zake, na chumba cha data, ambako zilikaa picha na sauti zangu, kina kuta zake. Ukipunguza mizigo kwenye chumba cha mfumo, nafasi inayopatikana inabaki mlemle. Haivuki ukuta kuja kwako. Ningeweza kufuta mpaka asubuhi nisipate sekunde moja ya kurekodia.

Mimi nikaamua kwamba nimefuta vitu vidogo mno, nikatafuta vikubwa. Na hapo nikakutana na mafolda yaliyofanana majina: CalendarProvider, ContactsProvider, MediaProvider, SettingsProvider. Sasa, kwa mtu aliyekulia Tanzania, provider ni nani? Ni mtoa huduma, kampuni ya simu, anayekata salio lako saa nane usiku kwa huduma ya nyota ambayo hukujiunga. Nikaona hawa ndio wanaoniletea matangazo. Nikamfuta SettingsProvider. Mipangilio yenyewe ilikuwa na folda yake, kwa hiyo huyu nikamhesabu kuwa dalali tu.

Nafasi ilikuwa bado MB 41. Nikasema labda mpaka niizime na kuiwasha.

Ikawaka mpaka kwenye nembo ya kampuni. Nembo ikacheza, ikazima, ikarudi. Ikacheza, ikazima, ikarudi. Nikaiangalia hivyo kwa dakika ishirini kama mtu anayesubiri mgonjwa aamke. Nikampigia kaka Dodoma, nikamtoa usingizini.

"Umefuta nini?"

Nikamtajia.

Akanyamaza. "Nani alikwambia uguse Provider?" Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayejizuia kutukana, kwamba faili lile ndilo linalotunza mipangilio yote ya simu, na kila kitu kinapoamka asubuhi kinaenda kwanza kwake kuuliza. Wasipomkuta wanalala tena. Akanielekeza kubana kitufe cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti mpaka itokee orodha ya maandishi. "Kuna pa kufuta kashe na pa kufuta data yote. Chagua kashe. Ukichagua kile kingine umekwisha." Nikachagua kashe kwa kidole kinachotetemeka. Haikusaidia kitu. "Usiguse tena," akasema. "Peleka kwa fundi, lakini mwambie data zisiguswe."

Asubuhi nikaenda Rangi Tatu, kwa kijana mwenye meza ya kioo karibu na stendi. Alikuwa na kompyuta mpakato yenye nyaya kumi hivi na foleni ya wateja. Nikamweleza mara tatu kwamba sauti zilizomo ndani nazihitaji kuliko simu. Mara ya tatu mteja aliyekuwa nyuma yangu akacheka.

"Hiyo ndogo sana, sista. Kanywe chai."

Nikaenda kunywa chai, chapati mbili na maharage. Niliporudi simu ilikuwa inang'aa juu ya kioo, na fundi ananyoosha mkono kama anayetambulisha bibi harusi. "Imewaka!"

Kwenye kioo kulikuwa na maneno ya kukaribisha na orodha ya lugha. Simu ilikuwa inaniuliza nachagua lugha gani.

Ukiwahi kununua simu mpya unaijua furaha ya ukurasa ule. Mimi magoti yaliisha nguvu. Simu inayokujua haikuulizi lugha. Nikaingia kwenye folda ya sauti, nikakuta hakuna hata folda. Fundi akawa ananiambia sasa ina nafasi kubwa, nione, GB tatu nzima. Nikamlipa elfu kumi na tano. Sijui kwa nini nililipa. Nadhani ni kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa karibu kulia.

Nilipofika nyumbani nikagundua na mtandao haushiki. Nikabonyeza *#06#, ile namba ambayo Mtanzania yeyote aliyekuwa na simu mwaka 2016 anaikumbuka. Mahali pa IMEI hapakuwa na namba.

Nikarudi. Fundi hakushangaa. "Hiyo imefutika wakati wa kuflashi. Nakuandikia nyingine, ninayo hapa ya simu iliyokufa." Alisema kama mtu anayekuazima kalamu.

Nikaikumbuka simu ya baba. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu feki nchi nzima. Wiki kadhaa kabla, mtaa mzima ulikuwa unabonyeza *#06# na kutuma namba kwenda 15090 kujua hatima yake. Ya baba ikaonekana si halisi. Ile simu, yenye laini mbili na tochi na sauti ya kufikia nyumba ya tatu, ikanyamaza usiku mmoja, na baba akaendelea kuiweka mfukoni kwa wiki mbili. Wakati ule ndipo nilipojua kwamba IMEI ni namba kumi na tano zinazoitambulisha simu moja tu, na kwamba Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inafanya kuibadilisha kuwa kosa. Mahali ambapo simu ya wizi inaweza kupewa namba ya marehemu, fundi anayekuandikia "nyingine" anakuingiza kwenye kesi asiyoijua hata yeye. Nikamwambia aache. Akaniona mtu wa ajabu: nimelilia sauti zilizofutika, halafu mtandao nimeukataa.

Niliikasirikia meza ile ya kioo kwa wiki nzima. Kisha mwanafunzi mwenzangu akanielekeza kwa fundi mwingine, Makumbusho, ng'ambo ya pili ya jiji, mzee kidogo, anayefanya kazi bila redio. Nilimpelekea simu nikiwa na tumaini la kijinga kwamba kilichofutwa huwa kinabaki mahali.

Akaisoma kama daktari anayesoma cheti cha kifo kilichoandikwa na mwenzake. Kwenye simu zenye chipu ya MediaTek, akasema, programu ya kuflashi inaleta orodha ya vyumba vyote, kila kimoja na kisanduku chake cha tiki. Ukitaka kuokoa data unaondoa tiki kwenye chumba cha data, unapakia mfumo peke yake. Lakini kuna pia chaguo la kufuta vyote na kupakia upya, na hilo ndilo linalochukua muda mfupi na kukosea mara chache. Linafuta na ule mfuko mdogo unaotunza IMEI. Kwa simu ya zamani kama ile, isiyofunga data zake kwa siri, angeweza hata kunakili chumba chote cha data kwenye kompyuta kabla ya kugusa chochote.

"Na kwa vile ilikuwa na ruti," akaongeza, "labda hata kuflashi kusingehitajika. Ulikuwa unahitaji faili moja tu lirudishwe mahali pake."

"Sasa?"

"Sasa hakuna, mwanangu."

Hakunitoza kitu. Njiani kurudi, ndani ya daladala, hasira yangu ilikosa pa kukaa. Yule kijana wa Rangi Tatu anapokea watu wanaotaka simu iwake, na ikiwaka wanaondoka wanashukuru. Mimi nilimletea kitu ambacho mezani kwake hakina jina. Na kabla yake alikuwapo mtu mwenye funguo zote, aliyekaa kitandani Charambe akifuta majina asiyoyaelewa. Ile "huwezi" ya simu, iliyokuwa ikiniudhi miaka yote, ndiyo iliyokuwa inalinda sauti ya yule mama dhidi yangu.

Nilikwenda kwake Jumamosi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza, nikakuta maneno yote ninayoyajua yanahusu mafaili. Nikasema tu, "Shikamoo mama. Yale mazungumzo yetu nimeyapoteza."

"Marahaba. Umeyapotezea wapi?"

"Kwenye simu. Nilifuta kitu kisichotakiwa kufutwa."

Akageuza vitumbua vyote vya kikaango, kimoja kimoja, kabla ya kunijibu. Nilitegemea anifukuze, au anihurumie aanze upya. "Nilikwambia sitarudia," akasema. Hakukuwa na ukali ndani yake. Kisha akauliza, "Unakumbuka nini?"

Hapo ndipo nilipoumbuka vizuri. Siku ile anasimulia, dakika nyingi nilikuwa nimekodolea macho zile tarakimu za nafasi zikipungua, nikiomba simu isikate. Nilijua kifaa kinasikiliza, nikakiachia kazi. Kwenye daftari nilikuwa na mistari minne tu. Nikamsomea. Kwamba alimtafuta siku mbili. Kwamba alilala kituo cha mafuta. Kwamba mtoto alikuwa Kongowe, kwa watu asiowajua. Na wa nne, ulioandikwa kwa mwandiko mbaya: *walikuwa wamemsuka nywele upya, nikampita.*

Akanitazama mara moja, akarudi kwenye kikaango.

"Binti yangu kila siku ananiuliza hiyo sauti haijaja?"

"Najua, mama."

"Basi mwambie wewe. Hayo manne. Mimi siwezi."

Binti alinisindikiza mpaka kituoni Barabara ya Kilwa, jua linazama, makonda wanagombania abiria. Nikamwambia sauti haipo, na kwa nini haipo. La simu alilielewa haraka kuliko nilivyotaka, kwa sababu dukani kwao kompyuta hufa kila mwezi. Kisha nikamsomea mistari. Ya kwanza mitatu alikuwa anaitikia kwa kichwa, alikuwa anaijua kwa majirani. Niliposoma wa nne akanishika mkono ulioshika daftari.

"Alinipita?"

"Hakukutambua. Walikuwa wamekusuka."

"Nakumbuka kusukwa," akasema. "Yule mama alikuwa ananisuka ili ninyamaze." Daladala moja ikaja ikaondoka, nyingine ikaja. "Mara ngapi?"

"Mara mbili. Hilo sikuliandika, lakini nalikumbuka. Alikupita mara mbili, mara ya tatu ukaita."

Akanyamaza muda mrefu. Mimi nilikuwa najaribu kusikia upya kile nilichokuwa nimekiachia kifaa, na kulikuwa na sauti ya mwiko kwenye ndoo tu.

"Alivyosema hapo," akauliza, "sauti yake ilikuwaje?"

"Ya kawaida," nikamjibu. "Alikuwa anakoroga unga."